Nafuu ya Kodi ya Odessa Crumley

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, Mtaa wa Dorr, mjini Toledo, Marekani. Wenyewe ni wawili: Lucius Hargrove, aitwaye Jaji kwa kuwa aliwahi kuitwa mahakamani kuwa mzee wa baraza katika kesi ya matairi ya wizi, na Roosevelt Mayhew, aitwaye Satelaiti, ambaye hujua yote yanayofichwa. Kazi yangu ni kumimina kahawa. Tarehe kumi na tano Aprili, saa tisa alasiri, Odessa Crumley, mpishi wa shule, alikaa kati yao na bahasha ya karatasi za mshahara magotini. Ng'ambo ya barabara, chini ya kanisa, watu wa kujitolea walikuwa wakiwajazia watu fomu za kodi bure. Alikwisha kufika mlangoni pale mara mbili, akarudi.

JAJI: Dada Odessa, bahasha umeikumbatia kama mtoto mchanga. Ingia, au nenda nayo nyumbani.

ODESSA: Miaka yote naambiwa mwenye mshahara mdogo hana haja ya kujaza fomu. Juzi mwenzangu wa jikoni kaniambia kuna nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, na asiyejaza haipati. Ya miaka mitatu nyuma bado naweza kudai, ila ule wa mwanzo mlango unafungwa leo.

SATELAITI: Uache ufungwe!

ODESSA: Tanuri la kupasha nyumba joto limekufa tangu Januari, Satelaiti. Mjukuu wangu Jalisa analala na koti.

SATELAITI: Nakuonea huruma, lakini ile fomu inauliza kazi yako. Umejiuliza kwa nini?

ODESSA: Wajue nafanya kazi gani.

SATELAITI: Wanatafuta wapishi wa kwenda mwezini! Mabweni tayari. Kilichobaki ni wa kukaanga.

ODESSA: Mwezini, na goti hili?

JAJI: Achana naye. Tatizo lako ni la kisheria. Jalisa ni mjukuu, si mtoto wako. Mbele ya sheria, mjukuu ni mgeni aliyechelewa kuondoka.

ODESSA: Mgeni? Miaka sita namsuka nywele mimi, namuuguza mimi, shuleni naitwa mimi!

JAJI: Sikuitunga mimi, dada yangu.

SATELAITI: Sheria yenyewe umeisomea kwenye matairi.

Odessa hakucheka. Aliigeuza bahasha juu chini.

ODESSA: Haya, niwaambie ukweli. Sijawahi kuomba. Mama yangu alifua nguo za watu mpaka vidole vikapinda, hakuomba. Leo nikapange foleni ya sadaka?

Ndipo akavuka kwetu binti mmoja na chupa tupu ya chai mkononi. Ni Corinne Stallworth, mmoja wa wale wajazaji fomu.

CORINNE: Shikamooni. Kahawa yetu imekwisha na foleni bado ndefu. Mtatugawia?

Nilimmiminia yote iliyobaki. Neno la mwisho la Odessa alikuwa amelisikia.

CORINNE: Mama, samahani. Mjukuu anahesabiwa, mradi amekaa kwako zaidi ya nusu ya mwaka. Na hiyo si sadaka. Asiyefanya kazi hapewi.

JAJI: Binti, sadaka ni sadaka hata ukiivalisha tai.

CORINNE: Sawa, mzee wangu. Basi nitajieni mwaka mmoja tu ambao mama huyu hakufanya kazi.

Jaji alianza kuhesabu miaka kwa vidole. Nilitafuta na mimi. Nikakumbuka mwaka aliovunjika mkono wa kulia. Mwaka ule alikoroga supu kwa wa kushoto. Nikaukumbuka mwaka aliomzika Horace, mumewe. Jumatatu iliyofuata watoto walikula mkate aliouoka yeye. Hatukuwa na mwaka wa kumtajia binti yule.

Odessa alisimama. Alivua aproni aliyotoka nayo kazini, akaikunja mara nne, akaiweka mkobani.

ODESSA: Miaka thelathini na mmoja ya kazi, binti. Na hakuna mtoto aliyekula chakula cha baridi kwangu. Kwenye ile nafasi ya kazi, uandike mpishi, kwa herufi kubwa.

CORINNE: Nitaandika, mama.

Odessa hakusubiri taa ya kuvukia. Magari ndiyo yaliyomsubiri.