Jinsi Bwana Alivyonifundisha Kuficha Uso Ulingoni

Bwana apewe sifa, kanisa! Hapana, amina hiyo imelala. Bwana apewe sifa! Haya, sasa nimesikia watu.

Ndugu zangu, mimi ni M'Kirimi, Mmeru wa Kibirichia, huyu mnayemwona kila siku akilima viazi na kugombana na fuko wanaovila. Nimeokoka na ninampenda Bwana. Mchungaji ameniomba niseme kwa ufupi, kwa sababu ati nikishika mambo ya ndondi siachi. Sawa, nitajaribu. Lakini nyinyi vijana huko nyuma mnaocheka kabla sijaanza, mnacheka nini?

Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, nilikuwa kijana, ndio kwanza nimetahiriwa. Walinikamata njiani nikitoka shambani, wakasema nawapelekea watu wa msituni chakula. Viazi! Jamani, mtu wa Kibirichia mlitaka akamatwe na nini, samaki? Hakuna aliyenisikiza. Nikatupwa kwenye kambi moja upande wa Embu, kule chini kwenye joto. Mama yangu, mjane, nikamwacha peke yake ndani ya kijiji cha waya walimowarundika watu wetu.

Kambini tulivunja mawe. Na mzungu mkubwa wa kambi alikuwa na wazimu wa ndondi. Aliyekubali kupigana na askari wake aliondolewa kwenye kazi ya mawe, basi mimi nikakubali. Nilikuwa na kifua, nikajiona. Pambano la kwanza tu, askari mmoja, jitu la mtu, alinipiga ngumi ya jicho la kulia nikaona nyota mchana. Jicho likafa, na halijarudi hadi leo. Lile la kushoto nalo likaanza kutoa maji, na dresa wa kambi, yule mfunga vidonda, akaniambia wazi, "Hili likiguswa vibaya, utakuwa kipofu."

Nikaenda kuomba nirudishwe kwa mawe. Mzungu akakataa! Alikuwa amekwisha kunipanga na askari yule yule. Nikikataa, napelekwa kambi za mbali, kule jangwani, ambako waliopelekwa hatukusikia habari zao tena. Ndugu zangu, hebu fikirini. Nikipigana, simwoni mama. Nikikataa, simwoni mama. Nililia, na nikamwambia Mungu kwa hasira, "Kama uko, nipe njia!" Sikuomba vizuri vile mnavyoomba nyinyi.

Bwana akajibu. Lakini tazameni aliniletea nani! Aliniletea Njeru, Mwembu mmoja aliyekuwa mwanajeshi zamani, mtu mzima kwangu, mkoromaji, mnung'unikaji, aliyelala mkeka wa karibu na wangu. Njeru alikuwa na mtindo wake wa ndondi aliojitungia huko jeshini. Ngumi zote mbili unaziweka kwenye mashavu, chini ya macho. Viwiko unavibana kwa mbavu, kidevu unakishusha, unachungulia katikati ya glavu. Na kichwa hakitulii. Unayumba, unainama, unainuka, unamsogelea mwenzako mpaka umfikie mwilini. Miaka mingi baadaye nikasikia wazungu nao wana mtindo kama huo na wanauita pikabuu, jina la ule mchezo wa kujificha uso mbele ya mtoto mchanga kisha unamtokea. Mtoto mchanga! Hata jina lake linaudhi.

Niliuchukia siku ile ile ya kwanza. Njeru alifunga kamba ya katani kati ya nguzo, akaniambia nipite chini yake nikiyumba huku na huku. Magoti yakauma, mgongo ukauma. Kamba ikinigusa kichwa, kofi la kisogo. "Tena!" Nikikosea, tena. Nikipatia, tena pia! Nikamuuliza, "Sasa ukinirudisha hata nikipatia, nitajuaje nimepatia?" Akasema, "Utajua siku usipopigwa." Huyo ndiye mwalimu niliyepewa.

Lakini shida hasa haikuwa magoti. Shida ni kwamba kila nilipoona ngumi inakuja, mikono ilishuka yenyewe, nikabaki nimesimama uso wazi, macho makavu. Wazee mlio hapa mnajua kwa nini. Sisi tulitahiriwa asubuhi mbele ya watu wote, na ukipepesa jicho tu, ukoo mzima umeaibika. Mwanaume hafichi uso. Nililelewa hivyo, nikasimama hivyo mbele ya kisu, watu wakanishangilia. Sasa huyu Mwembu ananiambia nijifiche nyuma ya ngumi kama bibi harusi! Na wenzangu wa Meru wako kando wanacheka, "M'Kirimi, unamwogopa nani?"

Siku moja Njeru akatupa glavu chini. "Wewe kijana umenichosha! Hebu niambie, aliyekutahiri alikukata, halafu akafanya nini?"

"Akaenda zake."

"Akaenda kula! Mimi pia nilisimama mbele ya kisu, na sikupepesa. Lakini yule mtu hakuwa adui, alikuwa na kazi yake, akaimaliza. Huyu askari hamalizi. Atarudi, na atarudi, mpaka usione. Unamsimamia uso wazi ili iweje?"

Nilikasirika sana, kwa sababu alisema kweli. Nikasimama pale juani kama mjinga. Kisha nikasema moyoni, "Bwana, niondolee hii aibu, mimi siwezi kuiondoa." Nikainua mikono usoni. Njeru akarusha ngumi, na mikono haikushuka. Haleluya! Akarusha tena, haikushuka. Mnajua alisema nini? "Tena."

Basi mchana wa pambano ukafika. Askari wamejaa upande mmoja, sisi mahabusu upande mwingine. Kengele ikalia, nikafunika uso, nikaanza kuyumba. Haiya! Kelele zikaanza, na si za askari, ni za watu wangu mwenyewe! "Fungua uso! Unatuaibisha! Wewe ni mwanaume kweli?" Ndugu zangu, maneno yale yaliniuma kuliko ngumi. Mikono ikaanza kushuka. Pale pale ngumi ikanichana nyusi ya kushoto, damu ikaingia jichoni, dunia ikawa nyekundu. Nikajua, sasa ndiyo basi.

Njeru akapiga ukelele kutoka kwenye kona, "Anarudi huyo!" Nikaita, "Yesu!" Nikainua mikono. Ngumi ikagonga glavu. Nyingine ikapita juu ya kichwa changu. Nikaingia chini, nikampa ya mbavu, nikampa ya mbavu tena, nikampa ya tumbo. Lile jitu likakaa chini mavumbini linatafuta pumzi.

Mnafikiri nilibebwa juu juu? Hakuna hata Mmeru mmoja aliyenipa mkono. Na yule mzungu, ndiye aliyenuna kabisa! Alisema hiyo si ndondi, hataki kuona bondia wa kujificha, nitolewe nirudishwe kwa mawe. Nirudishwe kwa mawe! Kile nilichomwomba kwa machozi akaninyima, sasa ananipa kama adhabu. Bwana wetu ana njia zake, jamani. Nilivunja mawe nikiimba. Ila Njeru alipakiwa kwenye lori akapelekwa kambi nyingine kabla sijamwambia hata asante, na jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Siku ilipofika nikaachiliwa, nikapanda kurudi Kibirichia. Mlangoni pa kile kijiji cha waya wanawake walikuwa wanaingia na kuni mgongoni. Mmoja alikuwa amekonda, amekwisha, kichwa cheupe chote. Alinitazama akanipita. Mama yangu alinipita! Kwa huu uso uliochanika hakunitambua. Mimi ndiye niliyemtambua. Nilimwona, ndugu zangu! Nilimwona mama yangu!

Kwa hiyo namshukuru Mungu, na nasema na wewe uliyekaa hapo umekaza shingo. Unapigwa na maisha, nyumbani wanajua unapigwa, na hutaki kukimbilia kwa Bwana kwa sababu watu watasema nini. Nimechoka kukuona hivyo! Njoo uufiche uso wako kifuani mwake Yeye, leo, mbele yetu sote. Watacheka, waache wacheke. Wale walionicheka kambini walikuwa wengi, na kama ningepofuka, hakuna hata mmoja wao ambaye angekuja kunishika mkono na kuniambia, "M'Kirimi, huyu aliyepita ni mama yako."