Mzee Jaifar na Albamu Isiyo na Mwimbaji

Wasikilizaji wapendwa, isogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mzee Jaifar, mpiga fidla wa Ghubra, hapa Maskati. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sabini na mbili. Nasema mpiga fidla, ingawa kwa miaka saba mizima fidla yake hakuigusa. Miaka saba.

Wengi wenu mlimjua kwenye harusi. Yeye akipiga, mkewe Bi Muhsina akiimba. Taarabu yao ilikuwa na adabu yake: mwimbaji akishika mshororo, fidla hunyamaza. Mshororo ukiisha, fidla humjibu. Walijibizana hivyo miaka thelathini, na majirani wanasema hata jikoni mtindo ulikuwa huohuo.

Bi Muhsina alipofariki, Mzee Jaifar aliifungia fidla sandukuni, akaipandisha juu ya kabati. Akialikwa harusini alikwenda, akala biriani, akarudi kwake. Ukimtajia fidla, alikuuliza habari za watoto wako.

Basi mwaka juzi ikaja bendi ya roki kutoka Uswidi. Walikuwa wanne, mwimbaji wao akawaacha, wakabaki watatu. Walikuwa na nyimbo nane za albamu mpya, na maneno yote yalikuwa ya yule aliyeondoka. Wakakodi studio Khuwair ya Kusini, waone kama bado wao ni bendi. Kwenye studio hiyo alikuwa akifanya kazi Bi Balqees, binti wa Mzee Jaifar. Siku moja ulimi ukamteleza, akawaambia kuwa baba yake anapiga fidla. Alipoifikisha habari nyumbani, mzee alisusa chakula cha mchana.

Hata hivyo alikwenda. Kuwasikiliza tu, alisema. Akayasikiliza magitaa yao, akamwambia binti yake kuwa kelele zile anazijua, ni za magereji ya Wadi Kabir. Kesho yake akaenda tena. Siku ya tatu alikwenda na sanduku.

Wakaanza kurekodi. Muziki ukaenda, Mzee Jaifar kimya. Halafu akapiga kidogo, akanyamaza tena. Mpiga dramu, jina lake Nils, akausimamisha wimbo. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu akamwomba Bi Balqees amwambie baba yake asiogope, apige moja kwa moja.

"Mwambie siogopi," akasema Mzee Jaifar. "Nnangoja mshororo umalizike. Mtu anaimba, mie ntamkataje?"

"Baba, hapa haimbi mtu."

"Kwako wewe."

Bi Balqees anasema hayo hakuweza kuyatafsiri. Alisimama palepale akalia, na Waswidi wakaelewa bila ya kuambiwa. Mwimbaji mwingine hawakumtafuta tena. Mishororo waliiacha wazi, fidla ikawa inajibu. Nyimbo saba zilirekodiwa hivyo.

Wimbo wa nane ndio uliokuwa mzito. Mzee Jaifar aliungoja mshororo wa kwanza, akaungoja wa pili. Ulipofika wa tatu hakungoja. Aliinua fidla akaupiga mshororo wenyewe, na uliofuata, mpaka wimbo ukaisha. Kisha akaomba maji, akauliza gari iko wapi.

"Mama tulimzika zamani," Bi Balqees ametuambia. "Baba alimzika siku ile."

Kwa Bi Balqees na kaka yake Loay, poleni sana, poleni kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu awape subira, na awakutanishe wazee wenu peponi. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, kama nyumbani mwenu yuko aliyenyamaza baada ya msiba, msimhimize. Kaeni naye tu, hata bila ya maneno.

Wimbo huo wa nane tunao hapa studioni, na tulikusudia kuupiga leo. Bi Balqees ametuomba tungoje kwanza. Anasema baba yake hajamaliza kupiga.