Bi Keziah na Mikutano ya Mwezi Mpevu

Tarehe 30 Juni 1896 Bi Keziah Sturtevant anakabidhi meza yake, baada ya miaka ishirini na minane ya kuwapangia safari wahadhiri wa chama chetu cha haki za wanawake hapa Iowa. Alipoanza alikuwa na nywele nyeusi na hamu moja tu: ampigie kura rais wa nchi kabla hajafa. Nywele zimeshakwenda zake.

Kazi yenyewe ilikuwa kuomba. Akiomba ukumbi ananyimwa, akiomba kanisa mchungaji anaugua ghafla, mwisho watu wanasikiliza hotuba ghalani wamekalia magunia ya mahindi. Mwenye ukumbi mmoja alimwambia, "Mama, rudi nyumbani, mkate unaungua." Akajibiwa, "Mkate nimemwachia mume wangu, baba, naye ana akili kukuzidi." Tulicheka mwaka mzima. Ukumbi hatukupewa.

Mikutano aliipanga mwezi ukiwa mpevu, kama wafanyavyo wote huku, ili wakulima waone njia ya kurudi mashambani. Februari ya 1881 mwezi ulikuwa mpevu kweli, ila theluji ilianza tangu mchana. Lavinia Peckham, mhadhiri wetu na rafiki yake tangu utotoni, alitaka kuahirisha. Bi Keziah akamwambia, "Nenda tu, shoga yangu, mwezi upo." Mawingu yaliuziba, farasi wakapotea njia. Lavinia alipatikana asubuhi akiwa hai, lakini homa ya mapafu haikumwacha amalize wiki.

Tulidhani Bi Keziah ataacha kazi. Wapi! Tangu hapo kila mhadhiri alimpeleka mwenyewe, hatamu mkononi, hata akiwa na mafua. Tulimtania kwamba anawabeba wahadhiri kama mayai, na hakukasirika. Siku niliyomsihi apumzike alinijibu, "Nikiacha sasa, Lavinia atakuwa amekufa bure."

Mwaka huu wabunge wa jimbo wametukatalia tena haki ya kura, na macho ya Bi Keziah hayaioni barabara. Inauma, wala sitajifanya haiumi. Tulikusudia aondoke akiwa na kura yake. Tumemchangia kiti cha bembea.

Bi Keziah, ahsante kwa kila mlango uliougonga. Tunakutakia siku nyingi njema, na mojawapo iwe ya uchaguzi.