Msilie Kabla ya Saa Mbili Asubuhi

Sogeeni, wanangu, kaeni hata hapa kitandani, siumi. Na wewe kitinda mimba, zima hiyo simu. Baba yako anakufa mara moja tu.

Miaka thelathini na mmoja nilitunza masjala. Kila mwalimu, kila dereva, kila mpishi wa hospitali, faili lake lilipita mikononi mwangu, na ukinitajia jina nakwambia rafu. Leo mwaka wa tisa nadai mafao yangu, na yule kijana niliyemfundisha mwenyewe kufunga uzi wa faili, aliyerithi kiti changu, ananitazama usoni bila haya: "Mzee, faili lako halionekani. Njoo kesho." Bwana Kesho huyo! Akufukuzaye hakwambii toka. Na mahakamani mwanasheria wao anatoa kifua mbele, eti barua ya ajira haipo, basi sikuajiriwa. Sikuajiriwa! Miaka yote hiyo nilikuwa nafuta vumbi la watu kwa mapenzi?

Mama yenu, Mungu amrehemu, aliniambia nitoe nakala ya ile barua niiweke nyumbani, nami nikamkaripia kwamba karatasi ya ofisi hailali nyumbani kwa mtu. Nilijiona mwaminifu, kumbe mjinga.

Wewe mwanangu wa kwanza, usinizungushe. Najua wamekupa karatasi nisaini, tupokee nusu, kesi ife. Unasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Itoe mfukoni. Ichane hapa, nikiona. Tena. Haya, afadhali.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Hilo neno "halionekani" nalijua, nimelitumia. Kulikuwa na mama mmoja mfagizi wa hospitali, alistaafu, akaja kudai chake akiwa na mjukuu mgongoni. Mkubwa wangu akaniambia ficha, nikaficha. Nilimwambia njoo kesho mpaka yule mjukuu akawa anakuja kwa miguu yake mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe, wanangu, ndiyo leo nauona mchungu.

Faili hawalichomi. Hulilaza nyuma ya kabati la chuma, kwa sababu mtu akifa ni lazima lipigwe mhuri, lifungwe, jina lake lifutwe kwenye daftari la wastaafu, na karani asipofanya hivyo mkaguzi humshika shati. La aliye hai hufichwa; la maiti huonekana siku hiyohiyo. La yule mama nililitoa mwenyewe asubuhi ya kifo chake, nikaligonga mhuri, kisha nikaenda kunywa chai. Bwana Kesho hajui njia nyingine. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Basi nikikata roho, mtu asipige yowe, habari isije ikamfikia kabla yenu. Wakili wetu anayo amri ya mahakama ya kupekua masjala, ile tuliyoitumia mara moja tukaambulia vumbi, mwiteni. Binti yangu, peleka kibali cha mazishi saa mbili asubuhi, kiweke mezani kwa Bwana Kesho, kisha kaa benchi la nje kama mfiwa asiyejua kitu. Kaka yako na wakili wasimame kwenye korido. Mkisikia droo ya mihuri inafunguliwa, ingieni. Barua yangu ni karatasi ya kwanza, ina doa la chai.

Na mtake mafaili mawili. La yule mama pia. Mjukuu wake ni fundi cherehani pale nyuma ya soko. Mpeni mkononi, mwambieni nani alilificha. Akitukana, msimjibu.

Nyumba ni yenu wote, asiuze mmoja. Fundi viatu nilishamlipa, akidai tena anawajaribu.

Nipeni maji... basi, yanatosha. Msinizike upesi, mimi nimezoea kungoja. Mungu awape riziki isiyoombwa dirishani, na kinywa kisichosema njoo kesho. Mmenitunza. Nimeridhika nanyi, nyote... hata wewe wa karatasi.

Saa mbili, binti yangu. Wanafungua saa mbili. Mkishalishika... hapo... lieni.