Dada Yetu, Aliyeusikiliza Ukuta Kabla ya Kuuvunja

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Spana, alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Juni 1970, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba mpaka rangi na mama mkunga. Mama anasema alizaliwa kabla maji hayajachemka, na kwamba tangu siku hiyo hakupenda kumsubiri mtu. Mimi ninayesoma ni kitindamimba, na nilimbebea kisanduku cha vifaa kwa miaka kumi na tatu, kwa hiyo ninayoyasema mengi niliyaona.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1988, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya bomba. Darasani walikuwa wavulana ishirini na mmoja na yeye. Mkufunzi alimweleza kwa upole kwamba ushonaji unafundishwa jengo la pili. Alimshukuru, akakaa kiti cha mbele. Mwaka 1991 alihitimu akiwa wa kwanza, na mkufunzi huyohuyo ndiye aliyemtafutia kazi.

Sasa nafika mahali ambapo mjomba alishauri nipafute, watu wasije wakacheka msibani. Mjomba, nisamehe. Marehemu alipenda katuni.

Mwezi Februari 2006 aliitwa kwa mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuwa na bomba linalovuja jikoni. Dada alipokuwa akisubiri gundi ikauke, mwalimu aliwasha deki. Ilikuwa katuni ya Kijapani ya mwanamke mpima ardhi aliyeitwa kwenye nyumba zenye mambo yasiyoelezeka: ngazi inayoongeza kipandio kimoja kila asubuhi, kioo kinachochelewa kuonyesha sura ya mtu. Kila sehemu ilikuwa na kisa chake, kinachoanza na kwisha humohumo. Maandishi ya chini yalipita mbio, mwalimu akawa anamsomea kwa Kiswahili. Gundi ilikauka, wala hakuna aliyeiangalia.

Wiki iliyofuata dada alirudi "kukagua bomba". Akarudi tena. Bomba lilikuwa zima, na mwalimu alijua ni zima. Ukoo ulishakata tamaa kwamba dada ataolewa, maana alikuwa na miaka thelathini na mitano na ulimi wa kukata chuma. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Agosti 2007, wakajaliwa binti mmoja.

Watu walimuuliza kama anaamini mashetani. Alijibu, "Namwamini mtu aliyesikia kitu." Alichokipenda kwa yule mpima ardhi ni kwamba hakugusa chochote kabla ya kumsikiliza mwenye nyumba mpaka mwisho.

Mwaka 2014 tuliitwa kwenye nyumba moja ya ghorofa nne. Kila jioni kuta ziligonga, na wapangaji walishaamua kwamba mchawi ni bibi wa ghorofa ya tatu, mjane anayeishi peke yake. Walimpa siku saba ahame. Siku tulipofika, zilibaki tatu, na bibi alikuwa amekaa juu ya masanduku yake. Hakuwa na pa kwenda.

Nilitaka tuanze kazi. Dada akaniambia, "Weka spana chini. Tuwasikilize kwanza." Kwa siku mbili alibisha hodi mlango kwa mlango na daftari lake: ulisikia nini, saa ngapi, nani alikuwa anaoga. Mimi nilinuna. Siku ya tatu alipanda juu kwenye tangi, akashuka, akatoboa ukuta wa ngazini mahali pamoja tu. Ndani kulikuwa na bomba lililong'oka vishikizo. Tangi likikaribia kujaa, maji yanajifunga na kujifungua ghafla, na bomba linagonga ukuta.

Aliwaita wote ngazini jioni hiyo, tangi likikaribia kujaa, akamwambia mwenyekiti wa wapangaji alishike bomba kwa mkono. Kuta zikanyamaza. Akamwambia aachie. Zikagonga. Alimshikisha kila mtu, mmoja mmoja, hata waliosema hawana haja. Kisha akasema, "Hamkusema uongo, sauti ipo. Ila mmemwonea bibi wa watu. Pandeni mkamsaidie kufungua masanduku." Walipanda. Sijawahi kujivunia kuwa ndugu wa mtu kama nilivyojivunia jioni ile.

Maradhi ya figo yalimwanza Novemba 2022. Siku ya kwanza daktari alianza kuandika dawa akiwa bado amesimama. Dada akamwambia, "Mwanangu, kaa. Mimi ndiye niliyemo ndani ya mwili huu, niulize kwanza." Daktari alikaa, na mpaka mwisho alikuwa akikaa. Wodini alitazama katuni yake kwenye simu ya binti yake, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisogeza viti. Alifariki Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mama mzazi, wadogo zake wanne, na mafundi kumi na mmoja aliowafundisha, wanane wakiwa wanawake. Ameacha pia bibi wa ghorofa ya tatu, mwenye miaka themanini na tisa, ambaye bado anaishi mlemle. Bibi si wa ukoo wetu. Jana alikuja nyumbani, akaomba aandikwe miongoni mwa wafiwa. Tumemwandika.

Dada yetu, pumzika kwa amani.