Walivyoichukua Pijo ya Baba

Ndugu zangu na dada zangu, hamjambo. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniita nitoe ushuhuda, na hapo kando akaninong'oneza niongee kwa upole. Mwenyekiti, nitajaribu. Lakini nawaambia mapema: sijakuja hapa kusema nimesamehe. Nimekuja kusema vile ilikuwa.

Wengi mnanijua. Mimi ni fundi wa bodi hapa Kibomet, Kitale hii yetu. Gari ikigongwa, mimi ndiye naikunjua. Kwetu ni Bungoma, upande wa Kibabii, na mama yangu anaishi huko mpaka leo.

Miaka michache iliyopita mtu alikuja kwa gereji yangu. Jina sitaji. Alikuwa amestaafu kazi Nairobi, amerudi Kitale, amejenga nyumba ya maana, na kanisani alikuwa anaketi mbele na wazee. Akaniletea Datsun ya zamani imeoza chini yote. Nikaishona bati kwa bati, nikaipiga rangi ile ile ilitoka nayo kiwandani. Siku ya kuichukua aliizunguka mara tatu, akaniambia, "Fundi, unajua hii sasa ni mali? Watu Nairobi wanatafuta hizi gari vile watu wanatafuta ploti. Gari mpya inaanza kushuka bei siku unaitoa dukani. Hii inapanda ikiwa imelala tu."

Na hapo, niwe mkweli, hakudanganya.

Akasema, "Mimi nina macho, wewe una mikono. Hizi gari zimejaa kwa mashamba huku, zinalaliwa na kuku. Wewe uzirudishie uzima, mimi niziweke kwa stoo yangu. Zikipanda tunauza, tunagawana nusu kwa nusu."

Tuliandikiana? Hatukuandikiana. Si ni mzee wa kanisa, bana? Nilimpa mkono, nikaona yameisha.

Tukaanza kuzunguka. Tukatoa Pijo 505 kwa boma moja njia ya Suam, ilikuwa imegeuzwa stoo ya mahindi. Tukatoa Corolla ya zamani kwa mama mmoja mjane. Wateja wangu wa kawaida nikaanza kuwaambia warudi wiki ijayo, wakachoka, wakaenda kwa wengine. Mke wangu alikuwa anapiga picha kila hatua kwa simu yake, kwa vile alijivunia kazi ya mume wake.

Siku moja huyo jamaa mwenye stoo akaniuliza, "Kwani kwenu hakuna gari ya zamani?"

Kwetu ilikuwepo. Pijo 504 nyeupe, ile ndefu ya safu tatu za viti. Baba alikuwa mwalimu, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo gari pekee upande wetu. Ilipeleka wagonjwa, ilileta maiti nyumbani, ilibeba maharusi. Dada yangu alizaliwa kwa kiti cha nyuma kabla wafike hospitali. Baba alipofariki, mama akaifunika na turubai, na kila Jumamosi aliifunua akaiosha. Gari haitembei, na anaiosha.

Nikaenda kumwomba. Akakataa. Nikarudi, akakataa tena. Mara ya tatu nikamwambia, "Mama, haiuzwi. Nitaitengeneza, ikae mahali haingii mvua, thamani ipande. Ikifika wakati, wewe ndiye utaamua."

Akaniangalia. "Ni wewe umesema?"

"Ni mimi, mama."

Akaenda ndani akaniletea funguo.

Ndugu zangu, hiyo gari niliifanya miezi saba. Hata usukani nilisafisha kwa mswaki. Ilipoisha, jamaa akasema bima haiwezi kutoka mpaka gari isome jina lake kwa logbook, ile hati ya mwenye gari, ni ya muda tu. Siku hizi mambo haya ni ya mtandao. Ujumbe wa namba ya siri ya kubadilisha jina ukaingia kwa simu ya mama, kwa vile baada ya baba gari iliandikwa kwake. Mama hana miwani. Basi mimi, mtoto wa tumbo lake, nikachukua hiyo simu nikamsomea yule mtu namba, moja moja, na nikamuuliza kama amesikia vizuri. Amesikia vizuri!

Wiki haikuisha. Nilienda stoo Jumatatu nikakuta kufuli imebadilishwa. Simu hachukui. Halafu mteja mmoja akaja kunionyesha picha kwa simu yake, "Fundi, si hii ni kazi yako?" Ilikuwa Pijo ya baba, imeegeshwa kwa nyasi kwa maonyesho ya gari za zamani huko Nairobi, watu wameizunguka na glasi mkononi. Chini imeandikwa imeuzwa, na ati tangu mpya imekuwa na mwenyewe mmoja.

Nikaenda kwake. Hakunikaribisha ndani. Akaniambia tukiwa getini, "Wewe nilikuajiri. Kama kuna kazi sijalipa, leta risiti."

Nilikuajiri!

Nikaenda kwa wazee wa kanisa. Walikuwa wanne. Wakanisikiliza, wakaangaliana, mmoja akasema, "Ndugu, samehe. Usichafue jina la mtumishi." Wakaniwekea mikono wakaomba pepo ya hasira initoke. Mimi! Wakaniombea mimi. Yeye hakuna mtu alimwombea chochote.

Hapo nikaanguka, na nilianguka vibaya. Nikafunga gereji. Nikaanza na busaa, ile pombe ya kienyeji, nikaenda kwa ile kali. Nikawa mtu wa kupiga kelele nyumbani mpaka mke wangu akachukua watoto akaenda kwao, na alifanya vizuri kwenda. Mama akipiga simu aniulize gari iko aje, namwambia, "Iko sawa, mama." Karibu mwaka mzima namwambia iko sawa.

Siku moja nikanunua petroli kwa mtungi nikaenda kwa hiyo stoo. Saa saba mchana, jua linawaka, sikutaka hata kujificha. Gari zilizobaki nilikuwa nazichoma zote. Kulikuwa na mlinzi, mzee wa kutoka huko juu mlimani Elgon, tulikuwa tunakunywa chai pamoja siku zile nikifanya kazi. Akasimama mlangoni.

"Fundi, nipe hiyo mtungi."

"Toka, mzee."

"Nikitoka, nani atafungwa kwanza? Si mimi ndiye niko zamu? Yeye yuko Nairobi. Atanunua zingine. Mimi nitanunua nini?"

Akaongeza, "Niliona vile Pijo ilipakiwa kwa lori, na nilisikia vile yeye na mnunuzi walipatana. Niko tayari kusema mahali popote. Lakini si na kiberiti." Kisha akaniuliza, "Mama yako anajua?"

Nikasema hapana.

"Basi kwa nini umeanzia hapa?"

Niliketi chini kwa hiyo vumbi nikalia, na mzee akaondoa mtungi polepole.

Kesho yake nilikuwa Bungoma. Nikamwambia mama yote, hata ile ya namba. Nilidhani atalia. Hakulia. Halafu akauliza kitu kimoja tu: "Huyo mtu anasali wapi?"

Jumapili mama alikuwa Kitale kabla ibada ianze, na kitambaa chake kipya kichwani. Wakati wa matangazo wakasema wageni wasimame. Akasimama.

"Bwana asifiwe. Mimi natoka Bungoma. Nataka kuuliza huyo mzee ameketi hapo mbele. Gari ya bwana yangu iko wapi?"

Mchungaji akasema, "Mama, tutaongea baadaye."

"Baadaye imeisha," mama akasema. "Mtoto yangu mlimwombea pepo ya hasira. Hasira ni yangu. Niombeeni mimi, lakini kwanza huyu anijibu."

Huyo mzee alitoka na mlango wa kando, Biblia yake ikabaki kwa benchi.

Kutoka siku hiyo mambo yakageuka, na walioyageuza ni wamama. Mmoja alitupeleka kwa wakili. Mke wangu aliposikia mama alivyosimama, akarudi na simu yake, na zile picha zote zina tarehe. Mlinzi aliandikisha ushahidi, na kwa hiyo akafutwa kazi. Kabla kesi isikizwe, jamaa akatuma watu kutafuta mapatano. Akatoa 505 na Corolla, na logbook zikabadilishwa mbele ya wakili tukiangalia.

Pijo ya baba haikurudi. Aliyenunua Nairobi anasema alinunua kwa haki, na amekataa kuiachilia. Mama huamka Jumamosi, hana gari ya kuosha. Kwa hivyo yeyote anataka kuniambia, "Ndugu, si ulipata zingine?", tafadhali usiniambie.

Lakini niko hapa. Gereji iko wazi, chupa niliacha, watoto wako nyumbani. Namshukuru mke wangu kwa kurudi. Nawashukuru wamama wa kanisa, na wakili ambaye hakuchoka na maswali yangu. Namshukuru yule mzee, ambaye sasa analinda gereji yangu na mshahara wake hauchelewi. Na mama, yeye nitamshukuru mpaka nife na bado haitatosha.

Sasa, kwa ajenda nimeona baada ya chai tutazungumza juu ya kikundi kununua gari za zamani tuziweke. Sipingi. Ni mali ya kweli, na kama mnataka mikono, mikono ni hii. Lakini msikubali ya mdomo, hata mdomo uwe unaomba vizuri namna gani. Na mtu akiwadhulumu, mtu mwingine asiwaharakishe kusamehe kabla mwenye makosa hajaulizwa swali mbele ya watu.

Kwa hivyo naanza mimi. Ndugu uliyeleta hilo wazo, sikushuku, hata nakupenda. Hizo logbook zitaandikwa jina la nani? Mimi naketi. Wewe simama utujibu.