Dionisia Saturnini, Aliyekataa Kuishia Salamu na Vifo

Ndugu waombolezaji, mimi ni Agatha, mdogo wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, ingawa asubuhi mjomba Silvanus alisema mwanamke hasomi mbele ya jeneza. Mjomba, shikamoo, nasoma, marehemu mwenyewe aliagiza.

Dionisia alizaliwa Naipingo tarehe 14 Machi 1989, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1997 hadi 2003, sekondari Nachingwea mjini hadi 2007, kisha stashahada ya uandishi wa habari Dar es Salaam, akahitimu 2012 na kurudi, wenzake wakimcheka, my dear, huko utamtangazia nani.

Mwaka 2013 aliajiriwa na redio moja ya Ruangwa, nasema aliajiriwa kwa heshima ya msiba, maana wao miaka sita waliita kujitolea, neno ambalo sisi graduates tunalijua kuliko majina yetu, na meneja akamwambia sauti ya mwanamke inafaa salamu na matangazo ya vifo, habari ni serious business. Akasoma vifo vya wilaya nzima, na siku zake za mapumziko akapanda bodaboda hadi Kilimarondo kutafuta habari, ambako akina mama walipomjibu muulize baba watoto, alimkabidhi kila mama kinasa sauti akishike mwenyewe, kwa kuwa wanaume waliona haya kumkatiza aliyekishika, basi wakaongea, wee, wakaongea mpaka betri ikazima. Msimu wa korosho wa 2019 meneja alimtuma kijana wa kiume mnadani, akina mama wakakaa juu ya magunia wakamwambia, baba, rudi ulikotoka, tunamtaka Dionisia wetu, meneja akasalimu amri, na tarehe 4 Novemba Dionisia akasoma taarifa ya habari kwa mara ya kwanza.

Alifunga ndoa na shemeji Gidioni Ngolo, mfugaji, tarehe 18 Juni 2016 Nachingwea, wakulima wa kwetu wakanuna, wafugaji wa kwao wakanuna, pilau wakala wote, na 2018 wakajaliwa Minza, ambaye tangu juzi anauliza mama anasoma habari saa ngapi.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na kansa ya titi, akatibiwa hapa na Dar es Salaam, akafariki nyumbani Jumapili tarehe 9 Februari 2025, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Wiki moja kabla aliniambia, Agatha, una degree na una mdomo, lakini kila interview unaingia umeinamisha kichwa, siku yangu usome wewe, ukilia, lia, ila usimpe mtu karatasi akumalizie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi matangani, watangazaji wenzake, na meneja pia, shada lako la maua tumeliona, mkataba wake hatukuwahi kuuona.

Dada, mstari wa mwisho nimeujaribu tangu alfajiri na sauti inagoma, naomba mnisubiri kidogo, mjomba kaa, karatasi siitoi, nautamka mwenyewe: pumzika kwa amani, dada yangu.